Kadogo Alipoguna

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mhunze, nilipewa ndoo, wembe na kamba. Daktari Masanja, mganga wa mifugo wa kituo chetu, alinitazama mikono akauliza, "Mama Shija, ng'ombe akikupiga teke utalia?"

Nikamjibu, "Nitalia nikishamaliza kumfunga." Akacheka, kazi ikaanza. Mimi nimeishia darasa la nne.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe ana tumbo moja la mbele, dogo, jirani kabisa na moyo. Ukilipasua, ndani ni kama sega la nyuki. Akimeza msumari au waya hutua humo. Mimi nilinyoa manyoya kifuani, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, nikapaka jeli, naye daktari akaweka kipimio cha ultrasaundi. Kwenye kioo unaona mstari uliopinda, ndio ukuta wa tumbo hilo. Tumbo lisilo na ugonjwa hujivuta mara mbili mfululizo, likatulia, na baada ya dakika moja hivi hujivuta tena. Waya wenyewe ni nadra kuuona. Unaona usaha, na tumbo lililochoka kujivuta.

Wenye mimba ndio waliotusumbua, kwa sababu ndama akikua husukuma matumbo yote mbele. Tulipohamishiwa Geita, upande wa Kalangalala, tuliwapima wengi, maana walilishwa kando ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na vipande vya nyaya vilitupwa ovyo.

Kituo cha mwisho kilikuwa Samuye. Huko alikuwepo Mama Kulwa, mjane. Ukame ulimwachia ng'ombe mmoja tu, Kadogo, mwenye mimba ya miezi minane. Akatuita.

"Anaguna akilala," alisema. "Na majani anachagua."

"Tumnyoe tuone," daktari akasema.

Mimi nikacheka. "Daktari, wewe hujabeba mimba. Mimi nimebeba saba. Mwezi wa mwisho hata kugeuka kitandani unaguna."

"Kweli, mayu," Mama Kulwa akadakia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mimi wale mapacha niliguna mpaka baba yao akahamia jikoni."

Tukacheka wote. Daktari alitazama boksi la mashine, akatutazama sisi wanawake wawili, akatuamini. Hata wembe sikuutoa, na Kadogo hakupimwa.

Siku ya sita Kadogo alianguka zizini, akafa. Tulipompasua tulikuta waya wa urefu wa kidole, umetoboa tumbo lile la sega na kuingia kwenye moyo. Ndama alikuwa jike, ameshaota manyoya. Naye alikuwa amekufa.

"Mashine ilikuwa yangu, Mama Shija," daktari akaniambia. "Kosa ni langu." Afadhali angenigombeza.

Mama Kulwa hakunitukana. Alisema tu, "Mayu, kumbe alikuwa anatuambia."

Sasa nimestaafu, nakaa hapahapa Samuye. Vijana wa mifugo wakipita kunisalimia nawaambia: mwenye mimba akiguna, mnyoeni, mpimeni, hata kama bibi kizee mwenye watoto saba anawacheka. Wanaitikia, "Sawa, bibi." Sijui kama wanasikia.

Mama Kulwa hakufuga tena. Miti ya zizi lake aliing'oa mmoja mmoja, akapikia. Kila nilipopita nilikuta pengo limeongezeka, mpaka pakabaki uwanja mtupu, naye akapanda viazi.