Gitaa Lililotoka kwenye Mzinga

Ukiuliza Nyeri mjini kwa nini Moffat Theuri aliacha muziki, utaambiwa ni pombe. Uongo mtupu. Theuri alikuwa mtu wa chai, tena chai ya maziwa mengi, na aliyemtoa kwenye muziki si chupa. Ni mimi, Gicheru, niliyepiga gitaa la solo karibu naye kwa miaka sita. Watu wakimsingizia pombe mbele yangu mimi hunyamaza, na kunyamaza huko kunanichoma kuliko ule uongo wenyewe.

Theuri alikuwa seremala wa Gatitu. Siku za kazi alitengeneza vitanda na milango, Jumamosi alipiga besi katika bendi yetu. Kiongozi wetu alikuwa Kingori, mwimbaji, mtu wa sauti tamu na hasira za karibu. Tulipiga kwenye hoteli za Nyeri na Nanyuki, na kwenye harusi za watu waliokuwa wamenunua mashamba ya wazungu juzi juzi na waliotaka dunia nzima ijue. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Kazi ilikuwa tele, na besi ya Theuri ndiyo iliyowainua watu vitini, ingawa wao walidhani ni solo yangu. Mimi pia nilipenda wadhani hivyo.

Mwaka wa sabini na mbili akaanguka kutoka kwenye paa la kanisa alilokuwa akilipigia mbao. Bega la kushoto likavunjika, likaungwa ovyo, na tangu siku hiyo likalala chini kuliko lenzake. Asiyepiga besi hawezi kuelewa balaa hilo. Besi ya bendi ilikuwa nzito kama gogo la kuni, na shingo yake ndefu iliishia kwenye kichwa kikubwa chenye skurubu nne za chuma za kukazia nyuzi. Ukiiacha kidogo, kichwa kinashuka kuelekea sakafuni. Kwa hiyo mkono wa kushoto una kazi mbili, kuinua shingo na kubonyeza nyuzi. Theuri alikuwa na nguvu za kazi moja tu. Ukifika wimbo wa tano vidole vyake vinakufa ganzi, naye anauma meno, jasho linamtoka katika baridi ya Nyeri.

"Kingori ataniacha," aliniambia siku moja. "Akiniacha mimi nitabaki na nini? Kupiga randa na kulala?"

Mtu mwingine angetafuta daktari au mwombezi. Theuri alinunua besi iliyopasuka kutoka kwa Huseni, fundi wa redio mjini, akaichambua vipande vipande kwenye benchi lake na kuitazama wiki nzima. Halafu akakata kichwa chake kwa msumeno. Nilikuwepo, nikapiga kelele kama ninayeona ng'ombe mzima anachinjwa.

"Tulia wewe," akasema. "Hii kichwa ndio inanivuta. Nyuzi haijali inakazwa wapi."

Skurubu zile nne akazihamishia mkiani, nyuma kabisa ya mwili wa gitaa, na kule juu ya shingo akaweka kipande cha shaba cha bawaba ya mlango kushika ncha za nyuzi. Pembe ya juu ya mwili akairefusha mpaka katikati ya shingo, akafunga mkanda hapo. Kilichobaki kilikuwa kuunda mwili mpya wa umbo hilo, maana ule wa zamani ulikuwa mzito na umepasuka. Alitaka mbao nyepesi, kavu, na alijua ilipo.

Baba yake, marehemu, alifuga nyuki Endarasha. Mizinga yake ilikuwa ya muringa, mti wa mbao nyepesi, gogo lililotobolewa ndani likawa bomba, na wa mwisho ulikuwa bado juu ya mti, mtupu, umekauka miaka zaidi ya thelathini. Kwao mzinga wa baba hauguswi. Unaachwa juu mpaka uoze wenyewe. Theuri aliupanda mti huo kwa mkono mmoja na nusu, akaushusha, akaupasua. Mama yake hakumsemesha kwa mwezi mzima.

Lakini ilikuwa mbao kwelikweli! Kwa kuwa ilitoka kwenye ukuta wa mzinga, ilikuwa imepinda tayari, na mpindo ule ulikaa kwenye mbavu za mtu kama mgongo wa mtoto unavyokaa kwenye kifua cha mama yake. Siku alipoimaliza, mkewe Watiri alileta chai. Theuri alisimama katikati ya karakana, gitaa limening'inia begani, akaachia mikono yote miwili na kupokea kikombe. Gitaa halikushuka wala kupanda. Alikunywa chai yote, taratibu, akitutazama juu ya ukingo wa kikombe, na Watiri akaanza kulia.

"Jaribu," akaniambia. Nikalivaa. Nikapiga. Sauti ilitoka pana, ya joto, kila noti imesimama peke yake, na mbao ikatetemeka mpaka kwenye mbavu zangu. Sijawahi kushika chombo kama kile, kabla wala baada. Nilimwambia ni zuri. Hilo nililisema tukiwa watatu tu.

Kingori aliliona akacheka mpaka akakaa chini. "Hii ni gitaa ama ni mbuzi ya Krismasi? Kichwa iko wapi?" Lakini usiku ule Theuri alipiga nyimbo ishirini na mbili bila kuuma meno, na Kingori akaacha kucheka. Kwa miezi minne mambo yalikwenda vizuri.

Halafu ikaja harambee ya Naro Moru, ya kujenga zahanati. Tulipiga mchana, uwanjani, jua limewaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria, wala Theuri mwenyewe, mwana wa mfuga nyuki! Mbao ile ilikuwa imekunywa nta na asali kwa miaka na miaka, naye hakuipaka chochote, kwa kuwa alipenda harufu yake. Jua likaipasha moto, nta ikaanza kutoka. Ulikuwa msimu wa nyuki kuhama, na kundi lililokuwa likitafuta nyumba likanusa mzinga.

Wazee walikimbia na fimbo zao, akina mama na watoto mgongoni, mheshimiwa aliyekuwa mgeni rasmi akaingia chini ya meza. Mimi nilitupa gitaa langu nikakimbia pia. Nilipogeuka, Theuri alikuwa bado amesimama pale jukwaani, nyuki wanatembea juu ya gitaa na mikono yake, naye anapiga besi polepole, peke yake, bila kuumwa hata mara moja. Kingori aliumwa mdomoni. Ukavimba, akashindwa kuimba wiki mbili.

Tulikutana Jumatatu. Kingori aliongea kwa upande mmoja wa mdomo, na ninachokumbuka kwa uchungu ni kwamba alikuwa mwungwana siku hiyo.

"Nitaipiga randa," Theuri alisema. "Nitaisugua na tapentaini, nipake vanishi mara tatu. Hiyo nta yote itaisha. Nipeni wiki mbili tu."

Kingori akanigeukia. "Gicheru, wewe ndio uko na masikio hapa. Niambie ukweli. Kama hiyo kitu iko na sauti, tutangoja. Kama haina, arudie besi ya bendi."

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo nilipouza mtu. Nyumbani kwangu alikuwa analala Mutahi, ndugu wa mke wangu. Alikuwa amekaa miezi saba, anakula, ananung'unika, anapiga besi hewani kwa vidole. Kila jioni mke wangu alinikumbusha kwamba mume mwenye maana humtafutia shemeji yake nafasi. Nilimtazama Theuri. Alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayejua jibu.

"Sauti yake ni nyembamba," nikasema. "Kwa karakana inadanganya. Kwa jukwaa haifiki nyuma."

Theuri hakubisha. Aliinamisha kichwa, kama anayesikiliza kitu cha mbali, kisha akasema, "Haya." Alijaribu besi nzito Jumamosi mbili. Ya tatu hakuja. Mutahi alichukua nafasi yake, akapiga mwaka mmoja, akatorokea Nakuru na bendi nyingine bila hata kuniaga. Hayo ndiyo niliyopata.

Miaka ikapita. Mwaka wa themanini na saba bega langu mwenyewe lilikuwa limeanza kufa kwa uzito wa gitaa. Hotelini Nanyuki nikaona bendi ya wageni kutoka ng'ambo, na mpiga besi wao alikuwa na besi ya kiwandani, nyeusi, haina kichwa, skurubu ziko mkiani. Watu waliishangilia kama muujiza. Nilitoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka. Asubuhi nilienda Gatitu.

Theuri alikuwa anatengeneza jeneza. Nywele zimeota mvi, bega limeshuka zaidi. Alinikaribisha kwa furaha iliyoniumiza, akamwita Watiri alete chai. Nikamweleza shida yangu, nikamwomba anitengenezee gitaa kama lile. Alinisimamisha, akapapasa bega langu kwa vidole vyake vigumu mpaka akapata pale panapouma.

"Naweza," akasema. "Lakini sauti itakuwa nyembamba. Si wewe mwenyewe ndio uliniambia?" Akatabasamu. "Wengine walikuwa wanacheka tu. Wewe ulinipa ukweli. Mimi nilikuwa naisikia kubwa, kumbe masikio yangu ndio mbaya. Baada ya zile Jumamosi mbili sikushika gitaa tena. Mtu akiwa na masikio ya kumdanganya, afadhali apige misumari."

"Liko wapi?"

Akanyoosha kidole. Banda la kuku lilikuwa na komeo refu la mbao. Juu ya komeo hilo niliona vile vitone vyeupe vinavyoonyesha noti kwenye shingo ya gitaa, vimejaa mavi ya kuku.

Ningeweza kunywa chai yangu nikaondoka. Badala yake nilimwambia yote, ya Mutahi, ya mke wangu, ya ile sauti pana niliyoisikia siku ya kwanza. Nilisema nikitazama chini kwenye takataka za randa, maana uso wake sikuuweza.

"Ulijua siku hiyo hiyo?" akauliza.

"Siku hiyo hiyo."

Watiri alikuwa mlangoni na birika, amesikia yote, naye hakumimina. Kisha Theuri akachukua futi yake, akarudi kwenye jeneza la watu, akaanza kupima upya ubao ambao alikuwa ameshaupima.

"Ungenyamaza tu, Gicheru," akasema. "Nilikuwa nimeshazoea."