Mteja, Washa

Kaka yangu ni fundi wa mafriji, na mtaa mzima unamwita Baridi. Jina lenyewe halimfai hata kidogo. Ni mtu wa kulia kwenye harusi za watu asiowajua. Mimi ni mdogo wake. Nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba kinachopakana na chake, ukuta wetu ni mmoja, na jambo lolote likitokea kwake nalijua kabla hajalijua yeye mwenyewe. Usiniite mmbea. Ukuta ndio mwembamba.

Baridi ana sheria moja ya kazi, na haivunji hata umpigie magoti. Hawashi friji la mtu. Atalifungua, atabadilisha kompresa, atajaza gesi, atafuta vumbi mpaka kwenye koili za nyuma, lakini akimaliza anaweka plagi juu ya friji, anarudi nyuma hatua mbili na kusema, "Mteja, washa." Mwenye friji achomeke kwa mkono wake, asikilize likinguruma kwa sikio lake, aseme kwa mdomo wake kwamba limekubali. Alianza hivyo zamani, baada ya mama mmoja kumkaba shati katikati ya barabara akidai hakutengenezewa chochote. Tangu siku hiyo, plagi ni ya mwenye mali.

Nyumbani kwake mteja alikuwa mkewe.

Wifi yangu alikuwa mpishi wa hoteli. Friji lao lilitupwa na hoteli hiyohiyo, Baridi akalibeba kwa mkokoteni na kulifufua, na kwa kuwa lilikuwa bovu la kuzaliwa, lilikufa kila baada ya miezi michache. Akilitengeneza, nilikuwa namsikia ukutani: "Mteja, washa!" Kisha nasikia ndala za wifi zikiburuzwa kutoka jikoni, shwa, shwa, bila haraka. Anachomeka. Anaweka sikio mlangoni kama daktari, anafumba macho, anamsubirisha mume wake makusudi. Halafu: "Limekubali, fundi. Haya, kaa ule." Watu wazima wale, na walicheza mchezo huo miaka ishirini na mbili bila kuona haya.

Na mtu mwingine hakuigusa plagi ile. Siku moja umeme ulikatika upande wangu, nikaingia kwao na pasi yangu, nikataka kuchomoa friji kidogo tu ninyooshe mashati mawili. Wee! Wifi alinijia juu kama nimeiba mtoto. "Wifi, hiyo haikuhusu!" Nilimnunia wiki nzima. Mimi ni mwepesi wa kununa na mzito wa kusamehe, simfichi mtu.

Alichokuwa akipika ndicho kilichotupatanisha. Hoteli ilikuwa na mpishi mkuu aliyetoka huko Asia, mzee asiye na maneno, na wifi alijifunza kwake kwa kumtazama mikono. Kila binti yao aliporudi kutoka shule ya bweni, wifi alinunua minofu ya samoni ya barafu na kumpikia nyumbani. Mara ya kwanza nilimcheka. "Samaki gani huyu, rangi kama ameona aibu?" Akanijibu nikae kimya nisubiri sahani.

Alianza na tui. Mchaichai aliuponda kwa mpini wa kisu, tangawizi akaikata nyembamba, majani ya ndimu akayapasua kwa vidole. Kuna kitu alikaanga kwanza kwenye mafuta, hakunionyesha. Alinipa mgongo akasema niangalie dirishani kama nguo zangu zimekauka. Ndipo tui zito likamiminwa, likachemka taratibu. Samoni alimpangusa ngozi kwa kitambaa, akamtia chumvi, akamlaza kwenye kikaango cha moto, ngozi chini. "Usimguse," aliniambia. "Ataachia mwenyewe akiwa tayari." Pakchoi, ile mboga ya majani ya Kichina, iliingia kwenye tui mwisho kabisa, mashina yake bado yanalia mdomoni. Samaki aliwekwa juu, tui likimfika kiunoni tu. Nikamuuliza kwa nini hamzamishi. "Ameshaogelea vya kutosha," akasema. Nilikula, nikanyamaza. Wanaonijua wanajua kwamba mimi kunyamaza ni jambo kubwa.

Tumbo lilimwanza wifi kama mchezo. Miezi mitatu tu, akawa mwepesi, Baridi anambeba kwa mkono mmoja kumpeleka bafuni. Binti wakati huo alikuwa ameajiriwa kwenye meli ya abiria, anatandika vitanda vya vyumba, yuko mbali huko, mkataba wake haumruhusu kushuka. Siku ya mwisho wifi kusimama kwa miguu yake, alisimama jikoni. Alipika tui lile, la kutosha familia ya watu kumi, akalijaza kwenye makopo matatu ya aiskrimu na kuyatia kwenye barafu. Juu ya kila kopo alibandika utepe akaandika kwa kalamu nene: TUI. MSIGUSE MPAKA NISEME.

Hakusema. Baada ya siku tisa tulimzika.

Binti hakuja mazikoni. Alipiga simu, mawimbi yanavuma nyuma yake, akawa analia na kuomba msamaha kwa kila aliyeshika simu. Baridi alipoichukua, aliambiwa neno moja tu la maana: "Baba, msile tui la mama lote. Nibakishieni. Nikija nitakuja na samaki."

Kopo la kwanza Baridi alilila mwenyewe kesho yake, kwa kijiko, amesimama, na nadhani hakujua anakula nini. La pili tulilila wawili siku aliyozaliwa wifi. La tatu lilikaa. Mwaka ukapita na miezi miwili juu yake. Baridi alikuwa akifungua mlango wa juu jioni, anaangalia ule mwandiko, anafunga. Hilo tui ndilo lililokuwa limebaki la mkono wa wifi duniani, kwani kile alichokikaanga kwanza aliondoka nacho. Na binti, ambaye hakumuona mama yake akiumwa wala akizikwa, alikuwa amekishika kile kikopo kama ahadi. Kila simu, "Baba, lipo?" "Lipo, mwanangu."

Basi binti akapata ruhusa. Siku tatu, kufika Ijumaa jioni. Baridi akawa hashikiki. Alipaka rangi mlango. Alinunua sahani mpya, nikamwambia sahani za wifi zina nini, akazirudisha dukani. Jumanne akanigongea ukuta. "Dada, njoo usikilize. Friji linakohoa."

Nilikwenda nikasikiliza. Mimi sikusikia kikohozi chochote. "Wewe ndiye unayekohoa," nikamwambia. Lakini hofu ilishamwingia. Je, likifia mkononi Alhamisi? Akasema kesho asubuhi atalisafisha koili kabla ya kazi, dakika ishirini, barafu haitastuka, halafu halifunguliwi tena mpaka binti afike, baridi isipotee hata chembe. Tukakubaliana. Kula yake ikawa kwangu.

Jumatano asubuhi nilimsikia akilivuta, akipuliza, akifagia. Kisha nikamsikia akiita, kwa sauti yake ileile ya siku zote: "Mteja, washa!"

Pasi ilibaki imening'inia mkononi mwangu. Nikakaa kwenye rundo la mashuka ya watu. Nilijisemea, maskini kaka yangu, amejisahau, sasa hivi atakumbuka atalia, nimwache alie peke yake. Nikasikia maji bombani, ananawa. Nikasikia simu yake ikilia, mwenye bucha anapiga kelele kwamba chumba chake cha baridi kimezima na nyama imeanza kutoa jasho. Nikasikia mlango. Akaondoka mbio.

Na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo nilipo mimi. Saa sita mchana niliingia kwake na mashuka ya binti niliyoyanyoosha. Niliiona plagi. Ilikuwa juu ya friji, imelala kwenye kitambaa cha wifi, waya umekunjwa vizuri kama anavyoukunja. Friji kimya. Niliweka mashuka kitandani. Nikapita tena mbele yake. Nikafikiri, labda hajamaliza. Nikafikiri, fundi ni yeye. Lakini kusema ukweli, nilichokisikia kichwani ni sauti ya wifi: hiyo haikuhusu. Nikafunga mlango nikaenda kunyoosha mashati. Barafu wakati huo ilikuwa ngumu bado. Mkono mmoja tu ulihitajika.

Baridi alirudi amechoka, akala kwangu, akalala. Alhamisi vilevile. Hakulifungua, si alijiwekea kiapo? Na fundi wa mafriji anashinda siku nzima ndani ya miungurumo, akirudi kwake masikio yamejaa.

Ijumaa saa kumi binti akafika. Mrefu, mkavu, mikono imebabuka kwa sabuni za meli. Samoni alikuwa kwenye mfuko wa barafu, amemnunua njiani, na pakchoi mafungu mawili. Alinikumbatia, "Shangazi, umenenepa," nikampiga kofi la mgongo, tukacheka. Baba yake alikuwa anamzunguka kama kuku, hajui pa kuweka mikono. Binti akavaa aproni ya mama yake. Akaweka kikaango. Akampangusa samaki ngozi kwa kitambaa, hivyohivyo, nikageuza uso.

"Baba, nilitoe?"

"Litoe, mwanangu."

Alipofungua mlango wa juu, harufu ilitoka kwanza. Kisha maji, yakamwagika miguuni kwake. Kopo lilikuwa limevimba, mfuniko umejiinua, na kile kilichokuwa ndani kilikuwa na povu la kijivu. Utepe ulikuwa umebanduka upande mmoja. Binti alilishika kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Aliuliza polepole, "Baba, uliniambia lipo."

Baridi aliangalia juu ya friji. Akaiona plagi. Nilimwona akiiona.

"Nilimwita," akasema. "Jumatano. Nilimaliza, nikamwita awashe." Alikaa chini kwenye yale maji. "Nikasikia ndala, mwanangu. Wallahi nilizisikia zinakuja. Ndiyo maana nikaenda kunawa."

Binti alichuchumaa akamshika kichwa, wote wawili wakalia, kopo katikati yao, na mimi nimesimama na ulimi wangu huu mrefu haunifai kitu. Mwisho nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi niliiona plagi. Saa sita ya Jumatano niliiona, nikaiacha."

Binti aliniangalia. Mpaka leo naliona jicho lile. Baridi yeye alitikisa kichwa tu. "Hata ungeiona mara kumi, dada, usingeigusa. Nani kati yetu angeigusa?" Alikusudia kunipunguzia. Hakunipunguzia kitu.

Samaki alipikwa, maana samaki hasubiri kilio. Nilikuna nazi mwenyewe, binti akaweka tangawizi, mchaichai na majani ya ndimu. Ulipofika wakati wa kile kitu cha kukaanga kwanza, alinigeukia, "Shangazi, mama alianza na nini?" Nikamwambia nilikuwa nimetazama dirishani. Ngozi ya samoni iliachia yenyewe, pakchoi ikalia mdomoni kama inavyotakiwa. Tulikula wote watatu. Kilikuwa chakula kizuri. Hakikuwa chenyewe, na kila mmoja alijua, na Baridi akaomba kuongezewa ili mtoto asijisikie vibaya.

Jumapili asubuhi binti alikuwa amelisafisha friji kwa maji ya ndimu. Alichukua plagi. "Baba, nichomeke?"

"Acha, mwanangu," Baridi akasema. "Si bovu. Liache."

Akaondoka. Utepe alichukua yeye, ameubandika ndani ya pasipoti yake. Anapiga simu kila wiki, anaongea na baba yake, na mimi hunisalimia.

Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke. Kaka yangu anatengeneza mafriji ya mji mzima, na la kwake limezimwa. Lina gesi, koili safi, kompresa nzima. Mlango ameuwekea kijiti usifungike, lisinuke. Ananunua cha kula leo na kukila leo, maji anakunywa ya moto ya bombani. Juzi hakuwepo, nikaingia kumwekea mashati yake. Plagi ipo palepale, kwenye kitambaa. Safari hii niliichukua. Nikaipeleka mpaka kwenye soketi, matundu yake nikayaona, na nikasubiri mtu aniambie hainihusu.

Hakuna aliyeniambia. Nikaukunja tena waya wake vizuri, nikairudisha.