Akiba Nyuma ya Ubao

Mama Koleo, fundi umeme wa jengo la maduka, hakuhitaji kuambiwa. Harufu ya plastiki iliyoungua ilimkaba tangu mlangoni mwa chumba cha swichi.

"Umeme wangu utakatika?" msimamizi wa jengo aliuliza, jasho likimtiririka.

"Wako tangu lini? Ngoja nipime, halafu tuzime."

Nyaya mbili nene zilitoka chumba cha mita mpaka pale, zimeunganishwa ncha zote mbili ili zigawane mzigo mmoja. Kugawana gani! Kipimo kilionyesha wa kushoto umebeba sehemu kubwa ya mzigo, wa kulia unapunga upepo tu. Wa kushoto aliukata yeye mwenyewe zamani, urefu uliotakiwa tu, bila kuzidi. Wa kulia aliukata mumewe, akabakiza urefu mwingi, akaukunja nyuma ya ubao wa swichi na kuufunga kwa mkanda wa bluu. Umeme nao ni mvivu, hukimbilia njia fupi.

Ndivyo alivyokuwa marehemu, kila kitu na akiba. Suruali pindo refu, chai birika zima hata wakiwa wawili. "Siku ukikosea utapata pa kukata," alikuwa akisema. Naye mkewe alimcheka mpaka machozi: "Bwana wee, akiba yako itatufukuza nyumbani!" Sasa nyumba ilikuwa tupu, na hakuwa na wa kumcheka.

"Si ukate tu hicho kilichozidi?" msimamizi alisema. "Zilingane, yaishe."

Kweli, ilikuwa kazi ndogo. Akashika koleo, akausogelea mkanda. Kwenye gundi iliyovuja pembeni kulikuwa na alama ya kidole gumba cha mumewe. Akalirudisha koleo mfukoni.

"Huu wa kushoto umeiva, ganda limekwisha," alisema, na wala hakudanganya. "Lazima nivute mpya. Huo mwingine uache, mpya nitaukata urefu uleule."

Msimamizi akaenda kuwaambia wenye maduka kwamba umeme unazimwa.

Alifanya kazi mpaka alasiri. Waya mpya wa aina ileile aliulaza ubavuni mwa ule wa mumewe, akaukunja alipoukunja yeye, akaufunga alipofunga yeye. Umeme uliporudi, vipimo vikalingana.

Msimamizi alichungulia nyuma ya ubao. "Mama, mbona na huu umeubakiza?"

"Nimeacha akiba," alisema Mama Koleo, kisha akageuka kando, akisubiri mtu amcheke.