Nyundo Ndani ya Mfuko wa Kuwindia

Mume wangu ni fundi viatu, lakini ukimsikiliza utadhani soli na misumari ni kazi ya kupitisha muda tu huku akisubiri msimu wa kuwinda kwale ufunguliwe. Karakana yake ndiyo chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mtu anakuja na kiatu kilichoachama, anaondoka na mawaidha ya nusu saa, kiatu bado kimeachama vile vile. Usivae nguo mpya porini, zina kelele. Kiatu kilicholowa usikikaushe motoni, kijaze magazeti. Ndege akianguka usimkimbilie wewe, mwachie mbwa kazi yake. Na mtu anayependa kuongea abaki nyumbani aongee na mkewe. Hilo la mwisho analifuata kikamilifu, maana porini wanasema ni bubu, na mimi sijaonja ukimya tangu anioe.

Ila kwa mbwa, sibishi, anajua. Wawindaji wote wa mtaani huja kumuuliza, na wosia wake mkubwa naujua kwa moyo: mbwa mchanga asisikie bunduki kwa mara ya kwanza akiwa karibu, wala akiwa amefungwa, wala akiwa hana la kufanya. Ipigwe mbali, akili yake ikiwa kwenye kitu kingine. Mbwa akishaiogopa bunduki, kumrudisha ni kazi ya kukutoa jasho.

Sasa sikiliza alichokifanya bwana huyo huyo.

Tulikuwa na mbwa jike wa rangi ya kahawia, tuliyemwita Gundi kwa sababu tangu alipoletwa aliganda kwenye kifundo cha mguu wa mume wangu. Kutwa alilala chini ya meza ya kazi, vipande vya ngozi vikimwangukia mgongoni, nyundo ikigonga juu ya kichwa chake, naye anakoroma. Mimi niliyeapa kwamba mbwa hatakanyaga nyumba hii ndiye niliyekuwa namfichia mifupa.

Siku moja akaja mwenye ghala la nafaka, mwindaji mwenzake, akamtazama Gundi na kusema mbwa wa kulala chini ya meza huwa mwoga tu. Basi, kichwa kikamvimba mume wangu. Alichukua bunduki, wakatoka hadi kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba, akamfunga Gundi kwenye nguzo ya uzio na kufyatua hewani, pale pale juu yake. Makosa yote matatu kwa mkupuo mmoja! Gundi alikata kamba. Nilimkuta bafuni nyuma ya ndoo, anatetemeka mpaka ndoo inalia.

Tangu siku hiyo hata nyundo hakuitaka. Ikigonga mara moja tu, huyo, mbio hadi uani. Chini ya meza pakabaki vumbi. Mume wangu akawaambia wateja mbwa anaumwa, na kwa wiki nzima akawa anashona viatu ambavyo vilihitaji misumari. Alinywea hasa. Kisha mwenye ghala akarudi kumwomba mbwa amfunge mnyororo langoni, abwekee wezi. Na mume wangu, kwa aibu, akatoa neno lake: siku ya kufungua msimu, miezi miwili mbele, Gundi akishindwa kuvumilia bunduki, amchukue.

Siku hiyo nilimfokea, sitaki kuficha. Mbwa huyu wa kufungwa mnyororo maisha yake yote kwa sababu wewe ulitaka kujionyesha? Akaendelea kushona. Nilipotulia nikamuuliza kama mteja angemletea mbwa wa namna hiyo, angemwambia nini.

Aliokota msumari, akauchezea. "Ningemwambia aanze upya," akasema. "Kwa mbali, wakati wa kula."

"Basi jiambie."

Tukaanza. Mimi mwisho wa ua na bakuli la Gundi, yeye mlangoni na nyundo aliyoizungushia kitambaa, anagonga soli kuukuu mara tatu, nami naweka chakula. Siku nyingine Gundi alikula. Siku nyingine alikiacha akajikunyata kwenye kona, nami moyo ukaniuma. Kila wiki mume wangu akasogea hatua chache na kupunguza kitambaa. Wateja wakauliza huo mchezo ni wa nini. Mwanzoni alijitia hamnazo. Halafu asubuhi moja muuza nyama wa mtaani, naye mwindaji, akamuuliza tena, na mume wangu akaweka nyundo chini.

"Nimemharibu mwenyewe," akasema. "Nilijua isivyotakiwa, nikafanya hivyo hivyo, ili nisifiwe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli. Jamani, nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Muuza nyama naye akakiri kwamba mbwa wake, yule tuliyeambiwa ni kiziwi, alimharibu kwa njia hiyo hiyo, kisha akaahidi kutusaidia: siku ya msimu yeye ndiye angefyatua, tena kwa mbali.

Miezi miwili ilipokwisha, Gundi alikuwa anamaliza bakuli lake hata nyundo ikigonga bila kitambaa. Siku ya kufungua msimu nilikwenda nao, maana sikumwamini mume wangu peke yake. Yeye hakubeba bunduki, alibeba mfuko wake wa kuwindia tu. Mwenye ghala alikuja na kamba mkononi. Muuza nyama akaenda ng'ambo ya nyasi ndefu, mbali, akafyatua.

Gundi alilala chini kama kitambaa. Akatambaa hadi miguuni petu, mkia tumboni. Mwenye ghala akaanza kukunjua kamba yake.

Mume wangu akaketi pale pale kwenye umande, akavua kiatu kimoja, akatoa nyundo mfukoni na kugonga soli. Ko, ko, ko. Gundi akainua sikio moja. Nikapapasa kanga yangu, nikapata kipande cha nyama nilichokuwa nimekifunga pembeni, akakila mkononi mwangu. Bunduki ikalia tena, na kwale akaanguka kwenye nyasi. Gundi alitetemeka mwili mzima, lakini hakukimbia. Ko, ko, ko.

"Nenda, mama," mume wangu akamwambia taratibu.

Gundi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaingia kwenye nyasi. Tulisubiri, macho yetu kwenye nyasi. Alipotokea, kwale alikuwa mdomoni, bawa linaburuta. Akampita mwenye ghala, akampita mume wangu aliyekwisha kunyosha mkono, akamweka ndege miguuni pangu. Mwenye ghala aliikunja kamba yake. Mume wangu alikuwa analia, mguu mmoja peku.

Jumatatu nyundo iligonga kutwa, na Gundi alikoroma chini ya meza. Akaingia mteja mgeni, kiatu mkononi, akasema amesikia fundi hapa anajua kutibu mbwa anayeogopa bunduki. Nikajiandaa kwa mawaidha ya nusu saa.

"Si mimi," mume wangu akamjibu, akanielekeza kwa nyundo. "Muulize mke wangu."

Nikavuta kiti, nikakaa.