Besi ya Marehemu

Mtaa mzima ulimwita Mama Fyuzi, kwa kuwa gari likizima taa au likigoma honi, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa fundi umeme wa magari, na nyaya za kibandani mwake zilitapakaa kama nywele zilizofumuliwa zikaachwa. Jumapili hiyo hakupokea mteja. Gari lililokuwa wazi milango yote lilikuwa lake mwenyewe.

Marehemu mumewe alipiga gitaa la besi katika bendi ya kutumbuiza harusini. Alikuwa mtu wa kusimama nyuma. Hata picha za bendi zilimkata bega. Walirekodi wimbo mmoja tu. Mama Fyuzi aliupiga kila siku kwenye redio iliyokuja na gari, na kila siku alimsikia mwimbaji, akasikia tarumbeta, akasikia hata mtu aliyekohoa, ila mumewe hakumsikia. Spika ndogo za milangoni hazikuiweza sauti nene. Basi akanunua sabufa na amplifaya yake, amfuate huko huko chini alikojificha.

Wifi yake, msusi mwenye mdomo usiolala, alikaa kiti cha mbele akimenya chungwa.

"Wifi, si uling'oe hilo liredio uweke jipya?"

"Dashibodi imeumbwa nalo. Jipya litakaa kama jino la bandia."

"Haya, fundi. Usitulipue tu."

Redio hiyo haikuwa na tundu la kupeleka sauti kwenye amplifaya, kwa hiyo aliiazima sauti kutoka nyaya za spika za nyuma, kulia na kushoto. Akakwangua rangi ndani ya buti mpaka bati likang'aa, akafunga hapo waya wa ethi. Waya wa moto akautoa kwenye betri, akautia fyuzi. Akawasha.

Mwimbaji akaimba. Tarumbeta zikalia. Sabufa ikanung'unika kidogo, kama mtu anayesemea ndani ya gunia.

Mama Fyuzi akajiinamia. "Hayupo. Labda hawakumrekodi kabisa."

"Acha hizo! Kaka yangu alirudi siku ile vidole vimevimba." Wifi akaliweka chungwa kando. "Magari ya watu unayapima nyaya kwa kile kibetri cha saa ya ukutani. Leo umepima?"

Hakuwa amepima. Hamu ya kumsikia ilimfanya ayaamini macho: waya wenye mstari ni hasi, kama alivyozoea. Akachomoa redio, akagusisha kibetri kwenye nyaya za spika ya kulia. Kifua cha spika kikaruka nje, ndivyo ilivyotakiwa. Akagusisha za kushoto, kikanywea ndani. Upande huo chanya na hasi zilikuwa zimepishana. Kulia kulisukuma, kushoto kukavuta, na wapiganapo tembo nyasi huumia: besi ilifia katikati, ndani ya amplifaya iliyozichanganya pande zote mbili.

Akazigeuza nyaya za kushoto, akairudisha redio, akawasha tena.

Kiti kilitetemeka kwanza, kisha mgongo wake. Sauti nne nene, kimya, nne tena. Wifi akajiziba mdomo. Mama Fyuzi alisikiliza kwa makini, halafu akacheka huku machozi yakimtoka.

"Unasikia? Ngoma inaanza, yeye anakuja nyuma kidogo."

"Kaka yangu na kuchelewa!"

"Hata kwenye wimbo, wifi. Hata kwenye wimbo ananingojesha."

Ulipoisha akaurudisha mwanzo, akaegemea kiti, akamngoja.