Aliyebonyeza Ndiyo

Asenath wa Golbanti hakuwa mtu wa kukataa. Ukipiga hodi kwake, unaitikiwa "karibu" kabla hujajulikana ni nani. Tabia nzuri hiyo, ila aliingia nayo hadi kwenye kompyuta. Mwaka 1999, katika ofisi ya mbegu pale Garsen, kila kisanduku kilichojitokeza kwenye kioo na swali lake la Kiingereza, yeye alibonyeza ndiyo, kiondoke, aendelee na kazi.

Kompyuta ilikuwa moja na waliitumia wawili: yeye karani, na Hiribae, Mworma mpole wa jamii ya wafugaji, aliyesimamia ghala. Asenath alifungua intaneti kwa kivinjari kilichokuja na mashine, kile cha watu wote. Hiribae alikuwa na chake, alichokipata Mombasa kwenye sidii. Asenath alimtania hadi ikawa kero. "Dunia nzima inatumia hiki. Wewe umeona nini?"

Sasa siku moja mkuu wao, Bwana Zadock, akiwaonyesha wazee wa kanisa taarifa ya mbegu, picha za wanawake uchi zikajifungua zenyewe, moja juu ya nyingine. Zadock akafoka, "Nani kaleta uchafu huu?" Asenath akajisikia akisema, "Labda ni ile programu ya Hiribae." Labda! Neno hilo lilitosha. Hiribae alikatazwa kugusa kompyuta, wala hakujitetea. Wiki haikuisha, habari zikafika vijiji vya wafugaji wenzake, na hata pale msikitini watu wakampunguzia salamu.

Kisha akaja Kadzo, fundi wa kompyuta kutoka Malindi. Zadock alikuwa kijijini Hewani siku hiyo, kwa hiyo aliyeelezwa ni Asenath.

"Hii programu ya picha chafu imepitia kivinjari cha watu wote," Kadzo alisema. "Wezi hujifunza kufuli iliyo kwenye nyumba nyingi. Hicho kingine nacho si malaika, ni vile tu hawajakihangaikia. Lakini hata hivyo iliomba ruhusa. Kuna mtu alibonyeza ndiyo, Jumanne ya kabla picha hazijatokea, saa nne asubuhi."

Jumanne hiyo saa nne Hiribae alikuwa kijijini Ozi akigawa mbegu. Asenath alikuwa kwenye kompyuta, akitafuta picha za maua za kadi ya harusi ya mdogo wake, Everline. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alikwenda ghalani, akamkuta Hiribae akishona gunia.

"Kaka, ni mimi niliyeleta zile picha."

"Najua, dada. Komputa tunatumia watu wawili tu. Kama si mimi, ni nani?"

"Mbona hukusema?"

"Wewe mwanamke. Hayo mapicha wakiyaweka kwa jina lako, Garsen hii utaishi vipi?" Akakata uzi kwa meno. "Mimi nilisema watachoka."

Asenath alitamani angetukanwa. Tusi lingempa la kujibu. Akatoka ghalani anajichukia.

Zadock aliporudi alasiri, Asenath alimfuata barazani, mbele ya watu waliopanga foleni ya mbegu. Hakumngoja aingie ndani.

"Hiribae hana kosa," alisema kwa sauti. "Zile picha ziliingia kwa mkono wangu."

Foleni nzima ikamkodolea macho. Hiribae, mlangoni pa ghala, ndiye peke yake aliyeangalia pembeni.