Neno lililonikwamisha madhabahuni

Leo nimekwama katikati ya mahubiri, na kanisa zima likapiga magoti.

Mchungaji mgeni, Mserbia, alikuwa anahubiri kwa Kiingereza katika kanisa letu la Waswahili hapa La Rochelle. Mkalimani wa Kiswahili ni mimi.

"Give up", kukata tamaa, nikaiweza. "Hold on", kushikilia, pia.

Ikaja "break through", ile ya kuvunja kizuizi ukatokea upande wa pili.

Eish. Kichwa kitupu.

Nikafumba macho nitafute neno. Waumini wakadhani Roho ameshuka. Mama Furaha wa kwaya akaanza kulia, wengine wakafuata. Sasa ningefumbua vipi?

Baada ya ibada nikamwendea mgeni, nikaungama.

Akacheka. "Hata kwa Kiserbia hiyo hunishinda. Nikifika hapo, nami hufumba macho."

Jumapili ijayo tunasimama tena wote wawili. Nisaidieni neno, wapendwa. Mama Furaha ameshaalika majirani.